Muuguzi Hayumo Kwenye Bili

Chukua bili ya hospitali ya Nairobi uisome kutoka juu hadi chini. Utakuta kitanda, dawa, maabara, eksirei, ada ya daktari, chumba cha upasuaji, hata glavu na bomba la sindano. Muuguzi aliyeshinda na kukesha na mgonjwa huyo ama amemezwa ndani ya neno "kitanda", ama ameandikiwa ada moja ndogo ya siku ambayo haitofautishi aliyegeuzwa mara kumi na mbili na aliyelala tu akisubiri kurudi nyumbani. Kwenye bajeti ya hospitali yeye yuko mahali pamoja, mishahara, na huo ndio mstari mnene kuliko yote. Mwaka ukibana, kalamu nyekundu inaanzia hapo. Anayekata huona alichookoa mwezi huohuo. Alichopoteza hujitokeza baadaye kwa majina mengine: antibiotiki za bei, siku za ziada kitandani, chupa za damu, madai ya bima yaliyorudishwa.

Sisi tuliozoea kupanga zamu za wodi na kuzitetea mbele ya wahasibu tumejifunza jambo hili kwa kushindwa mara nyingi: huruma haipitishi bajeti. Ukisema wauguzi wamechoka, mkutano mzima utatikisa kichwa kwa masikitiko kisha uende kwenye ajenda inayofuata. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Mhasibu anataka kujua ufa ni shilingi ngapi na ukuta ni shilingi ngapi.

Kosa la kwanza liko kwenye idadi, na karibu kila hospitali hulifanya. Watu hudhani nafasi moja ya muuguzi inayotakiwa kujazwa usiku na mchana ni watu watatu, mmoja kwa kila zamu. Mwaka una saa 8,760. Muuguzi wa saa 40 kwa wiki ana saa 2,080 kwenye karatasi. Toa likizo ya siku 30 za kazi, yaani saa 240. Toa sikukuu kama 12, saa 96. Toa siku 10 za ugonjwa na misiba, saa 80, na siku 5 za mafunzo, saa 40. Zinabaki saa 1,624. Gawanya 8,760 kwa 1,624 upate 5.4. Nafasi moja ni watu watano na nusu hivi, na hapo likizo ya uzazi ya miezi mitatu hatujaigusa, ingawa wodi yenye wauguzi vijana ina uhakika wa kuipata moja au mbili kila mwaka.

Sasa ichukue wodi ya vitanda 30. Tuseme unataka wauguzi watano mchana, kila mmoja na wagonjwa sita, na watatu usiku. Mchana ni saa 11, kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni, ukiunganisha zamu ya asubuhi na ya alasiri. Usiku ni saa 13. Tano mara 11 ni 55, tatu mara 13 ni 39, jumla saa 94 za uuguzi kwa siku. Kwa mwaka ni 34,310. Gawanya kwa 1,624 upate watu 21, na msimamizi wa wodi, yule tunayemwita inchaji, awe juu ya hao.

Ofisi ya utawala huhesabu hivi: watano asubuhi, watano alasiri, watatu usiku, basi 13 wanatosha. Watu 13 wanaleta saa 21,112 kwa mwaka, yaani saa 58 kwa siku badala ya 94. Ukizigawa kwa uaminifu unapata watatu mchana na wawili usiku. Kwenye karatasi wodi ina uwiano wa mmoja kwa sita; kitandani ni mmoja kwa kumi mchana na mmoja kwa kumi na watano usiku. Hakuna aliyezembea. Mtu aligawanya kwa namba isiyo yake, basi. Na katika hospitali za umma, ambako wagonjwa wawili hulazwa kitanda kimoja hali ikizidi, hesabu ya vitanda yenyewe ni ya kufikirika: hesabu vichwa, usihesabu magodoro.

Usiku huo wa watu wawili tuuangalie kwa dakika, maana hapo ndipo pesa inapovujia. Wana saa 26 za kazi kati yao. Vipimo vya presha, joto, mapigo ya moyo, pumzi na oksijeni huchukua dakika tano kwa mgonjwa ukivifanya kweli. Wagonjwa 30, mizunguko mitatu ya saa nne usiku, saa nane na saa kumi na mbili alfajiri: saa saba na nusu. Wagonjwa 20 wana sindano mara mbili usiku, dakika nane kila moja kuanzia kuyeyusha dawa hadi kutia sahihi: saa tano na dakika 20. Wagonjwa sita wasioweza kujigeuza, kila mmoja mara sita, watu wawili kwa dakika tano: saa sita. Wapya watatu kutoka idara ya dharura, dakika 45 kila mmoja: saa mbili na robo. Kuandika mafaili 30, dakika sita kila moja: saa tatu. Kukabidhiana zamu jioni na asubuhi, nusu saa kila mara, wote wawili: saa mbili. Jumla ni saa 26 na dakika tano.

Chai bado. Choo bado. Mgonjwa aliyezimika na kuhitaji mikono yote miwili kwa saa nzima bado.

Kwa hiyo kitu kinaachwa, na kinachoachwa hufuata utaratibu unaotabirika. Sindano hupewa, kwa sababu dawa isiyopewa inaonekana asubuhi. Wapya hupokelewa, kwa sababu wamefika na kelele. Kinachoanguka kwanza ni kumgeuza mgonjwa, kisha mzunguko wa saa nane, kisha kumfundisha mgonjwa chochote, kisha maneno ya kumtuliza. Ukitaka kujua kama wodi imezidiwa usiulize mtu. Fungua chati usome safu ya pumzi. Ikiwa wagonjwa wote 30 wamepumua mara 20 kwa dakika usiku kucha, ujue hakuna aliyehesabu. Na pumzi ndiyo kipimo kinachotangulia kubadilika mwili unapoanza kushindwa, mara nyingi saa kadhaa kabla ya presha kushuka. Mgonjwa ambaye maambukizi yake yangegunduliwa saa nane usiku akatibiwa wodini, anagunduliwa saa kumi na mbili akiwa wa kupelekwa chumba cha mahututi. Tofauti ya bei kati ya vitanda hivyo viwili hailipwi na bajeti ya wauguzi, kwa hiyo bajeti ya wauguzi haijui.

Ili uulinganishe ufa na ukuta, kwanza ipe saa ya muuguzi bei. Tuseme anamgharimu mwajiri shilingi 80,000 kwa mwezi, marupurupu na michango yote ndani. Huo ni mfano tu. Weka namba ya kwako. Kwa mwaka ni 960,000. Usiigawanye kwa 2,080. Igawanye kwa zile 1,624 anazokuwa wodini kweli. Inatoka kama shilingi 591 kwa saa, karibu shilingi 10 kwa dakika. Hiyo ya shilingi 10 kwa dakika ishike vizuri, itakusaidia kuliko ripoti yoyote.

Kumgeuza mgonjwa mara moja ni dakika kumi za kazi, watu wawili dakika tano tano: kama shilingi 98. Kila saa mbili ni mara 12 kwa siku, shilingi 1,182. Kwa siku kumi ni 11,820. Kidonda cha kulalia kilichokwisha kula ngozi na nyama ya chini yake kikimwongezea mgonjwa wiki tatu, na siku ya kitanda ikikugharimu 4,000, hiyo ni 84,000 kabla ya bandeji, kabla ya dakika 40 za kumsafisha kila siku, kabla ya antibiotiki. Msomaji makini atauliza: si kila asiyegeuzwa anapata kidonda, sivyo? Kweli. Ndiyo maana swali sahihi ni hili: kugeuza kunahitaji kuzuia vidonda vingapi ili kujilipe? Gawanya 84,000 kwa 11,820 upate saba na kidogo. Kikizuiwa kidonda kimoja kwa kila wagonjwa saba waliogeuzwa, gharama imerudi. Na ndiyo sababu huwageuzi wote. Unawachuja siku wanapolazwa kwa kipimo cha Braden, kinachokadiria hatari ya kidonda cha kulalia kwa alama 6 hadi 23, na mwenye 18 kushuka chini ndiye anayeingia kwenye ratiba. Wodi inayogeuza kila mtu inapoteza pesa sawa na isiyogeuza yeyote.

Dripu ni kitu kidogo zaidi lakini inafundisha vilevile. Lita moja kwa saa nane, kwa seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Mgonjwa akikunja mkono, matone yanakuwa 10. Akiunyoosha, yanakuwa 80. Isipopitiwa kila saa, ama inamwingia mzee mwenye moyo dhaifu kwa saa nne, ama inakauka damu igande kwenye kanula, kile kijibomba kilicho mshipani. Kanula mpya ni vifaa, ni dakika 15, ni mgonjwa aliyechomwa mara tatu. Na katika hospitali za kibinafsi kuna hasara nyingine juu yake: muuguzi mwenye haraka hutumia kanula tatu akaandika moja kwenye karatasi ya malipo. Wakaguzi wakija huita huo wizi. Mara nyingi ni mikono miwili iliyotakiwa mahali patatu.

Wodi ya kujifungulia ndiyo yenye hoja nzito kuliko zote, na hapa kwetu muuguzi aliyesajiliwa kwa diploma ya kawaida amesomea pia ukunga, kwa hiyo hesabu ni ileile. Mama akishajifungua anapewa oksitosini, dawa ya kulikaza tumbo la uzazi, yuniti 10 ndani ya dakika moja, kisha kwa saa mbili za kwanza tumbo la uzazi linapaswa kuguswa kila dakika 15 kuona kama limekaza. Ni mara nane, dakika mbili au tatu kila mara. Mkunga mmoja akiwa na akina mama watatu waliojifungua na wanne walio katika uchungu, hizo mara nane zinakuwa mbili. Damu hukadiriwa kwa jicho, na jicho mara nyingi hukadiria kidogo, hasa inapomezwa na shuka.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa 2023, ulijaribu kitu chepesi. Chini ya mama waliweka karatasi ya plastiki yenye mfuko uliotiwa alama za vipimo, na mkunga aliyeona damu nyingi aliruhusiwa kuanza mambo yote kwa pamoja bila kungoja: kusugua tumbo la uzazi, dawa ya kulikaza, gramu moja ya asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu), maji ya mshipa, kutafuta chanzo na kuita msaada. Kuvuja damu kupita kiasi kuligunduliwa kwa asilimia 93 ya waliovuja, dhidi ya asilimia 51 katika hospitali zilizoendelea na mazoea yao. Matokeo mabaya yakichukuliwa pamoja, yaani kuvuja lita moja au zaidi, kupasuliwa kwa sababu ya damu, au kufa kwa kuvuja, yalipungua kwa asilimia 60. Hakukuwa na mashine mpya wala chumba kipya. Mfuko, dawa zilizokuwa kabatini, na mkunga aliyekuwa karibu wakati ule na mwenye mamlaka ya kutenda. Ukiondoa hilo la mwisho, mfuko unabaki kuwa plastiki.

Kwa watoto wachanga tutapita haraka, kwa sababu hesabu inajisemea. Mtoto wa kilo moja na nusu hulishwa kwa mrija kila saa tatu, mara nane kwa siku, dakika 15 kila mara ikiwa unangoja maziwa yashuke yenyewe bila kusukuma. Watoto 15 ni dakika 1,800, yaani saa 30. Muuguzi mmoja akikesha na kushinda bila kulala ana saa 24. Watafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome waliokaa kwenye vyumba vya watoto wachanga hapa Nairobi wakitazama na kuandika kinachofanyika walikuta sehemu kubwa ya huduma inayotakiwa haifanywi, na kadiri watoto walivyokuwa wengi kwa muuguzi ndivyo kilichoachwa kilivyoongezeka. Kina mama hujaza pengo: wanalisha, wanabadilisha nepi, wanaita mtu mashine ikilia. Kazi yao hiyo haina mstari kwenye bajeti yoyote, na wengi wao wameacha kibanda Gikomba au kazi ya kufua Eastleigh ili waifanye.

Mtu akikuuliza ushahidi wa nje, kuna unaokubalika kila mahali. Mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha 2002 takwimu za hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Mwaka 2014 walipata asilimia 7 hiyohiyo katika nchi tisa za Ulaya. Lakini hizo ni takwimu za mambo kuambatana, na mhasibu mjanja atakwambia hospitali nzuri huajiri wauguzi wengi na pia hufanya mengine mengi mazuri. Mpe basi Queensland, Australia. Mwaka 2016 jimbo hilo liliweka sheria ya kiwango: mmoja kwa wagonjwa wanne mchana, mmoja kwa saba usiku, katika hospitali 27. Watafiti walizipima kabla na baada, wakizilinganisha na zisizoguswa na sheria. Wauguzi wa ziada waligharimu dola milioni 33 za Australia; siku za kitanda zilizopungua na wagonjwa wasiorudi kulazwa ziliokoa takriban milioni 69. Ilichapishwa 2021.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo watetezi wa wauguzi, sisi tukiwamo, hulipita kimyakimya: siku ya kitanda iliyookolewa si lazima iwe pesa mkononi. Mgonjwa akiondoka siku mbili mapema, umeme, ulinzi na mishahara viko palepale. Kilichookolewa papo hapo ni chakula, dawa na vifaa vya siku mbili. Kingine chote ni nafasi, na nafasi ina thamani tu ikipata mtu. Katika hospitali kubwa ya umma mjini kitanda kikiachwa saa nne asubuhi kinajaa kabla ya adhuhuri, kwa hiyo nafasi ni mali kweli. Katika hospitali ya kibinafsi ambayo theluthi ya vitanda haina watu, mgonjwa anayepona haraka ni mapato yaliyopungua, na uongozi unaweza usikwambie hivyo lakini unajua.

Mambo haya hutegemea pia anayelipa analipaje. Bima ya afya ya taifa, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 hulipa kujifungua kwa kawaida shilingi 10,000 na upasuaji wa uzazi 30,000, iwe mama amekaa siku mbili au tisa. Kwenye malipo ya namna hiyo kidonda cha upasuaji kikioza, hasara ni ya hospitali, na muuguzi aliyekikagua kila siku na kumfundisha mama kukitunza ameilinda faida. Kwa mgonjwa wa kulazwa anayelipiwa kwa siku, mambo yanageuka. Kabla ya kupeleka hoja yako juu, jua wodi yako inalipwa kwa njia ipi. Tumeona hoja nzuri ya siku za kitanda ikizimwa kwa swali moja kwa sababu aliyeileta hakujua.

Kuna pesa nyingine iliyolala mlangoni. Daktari husema saa tatu asubuhi kwamba mgonjwa aende nyumbani; mgonjwa hutoka saa kumi na moja jioni. Katikati kuna barua ya kuruhusiwa, dawa za kubeba, bili, fomu za bima, ndugu anayesafiri kutoka Kayole na karatasi ya kuonyesha getini. Muuguzi mwenye nafasi huanza jana yake: katheta inatoka alfajiri ili ijulikane mapema kama mgonjwa anakojoa mwenyewe, somo la insulini linatolewa jioni ndugu akiwapo, tarehe ya kliniki inaandikwa. Ukipunguza saa nne kwa kila anayeruhusiwa, na wodi inaruhusu watano kwa siku, ni saa 20 za kitanda kila siku. Kwa mwaka ni siku 304 za kitanda. Karibu kitanda kimoja kizima, bila kukinunua.

Na kabla ya kuomba wauguzi zaidi, jipime mwenyewe. Chukua zamu sita, za mchana na za usiku, mtu akae na karatasi akiandika kila dakika 15 kila muuguzi anafanya nini. Utashangaa. Kufuata damu benki ya damu, kusukuma kiti cha magurudumu kwa sababu lifti imekwama, kubembeleza duka la dawa, kupiga simu za bima. Ikitoka saa tatu kwa zamu ni shilingi 1,773 za saa ya muuguzi zinazofanya kazi ambayo msaidizi wa shilingi 30,000 kwa mwezi angeifanya kwa 222 kwa saa. Msaidizi huyo ni ununuzi bora kuliko wote utakaoufanya mwaka huu. Ila akishaajiriwa, mlinde na tamaa ya utawala: mwaka unaofuata watauliza kwa nini asihesabiwe kama muuguzi. Katika utafiti mwingine wa Aiken na wenzake huko Ulaya, kuweka msaidizi mahali pa muuguzi mmoja kwa kila wagonjwa 25 kuliambatana na ongezeko la asilimia 21 la uwezekano wa kufa. Msaidizi anamwongezea muuguzi mikono. Macho ya kusoma kwamba mgonjwa anabadilika hayamo ndani ya bei hiyo.

Anapoondoka muuguzi mzoefu, watu huhesabu nafasi iliyo wazi. Hesabu na haya: miezi ya kutafuta mwingine, wakati ambao zamu zinashikwa na lokamu, muuguzi wa kukodiwa kwa muda, asiyejua kabati la dharura liko wapi, kisha miezi mitatu hadi sita mgeni akifanya kazi chini ya jicho la mwingine, hasa chumba cha mahututi, usafishaji wa figo na watoto wachanga, maana yake watu wawili wanalipwa kwa kazi ya mmoja na nusu. Kwa taifa, utafiti uliochapishwa 2006 ulikadiria kwamba kumsomesha muuguzi mmoja Mkenya tangu shule ya msingi mpaka chuo kuligharimu dola 43,180 za Marekani, na kwamba akihama nchi inapoteza faida ya uwekezaji huo ya dola 338,868. Bei hizo ni za zamani. Mkataba wa Kenya na Uingereza wa Julai 2021 kuhusu ajira za wahudumu wa afya umeufanya mlango kuwa rasmi, na hatumlaumu yeyote anayeupita; muuguzi naye ana karo ya kulipa. Tunachosema ni kwamba hospitali inayombana kwa nyongeza ya shilingi elfu chache inapaswa kwanza kupiga hesabu ya kumpoteza.

Mgomo wa 2017 ulituonyesha wodi bila wao. Ulianza Juni ukaisha Novemba. Madaktari walikuwa wamemaliza mgomo wao Machi na walikuwa kazini, dawa zilikuwa kwenye rafu, na bado wodi nyingi za umma zilifungwa. Hakuna anayelazwa ili aonwe na daktari dakika kumi asubuhi. Kwa hilo kuna kliniki. Mtu hulazwa kwa sababu anahitaji mwenye ujuzi awe karibu saa tisa usiku. Hicho ndicho hospitali inauza, hata kama bili yake inasema kitanda. Wagonjwa wenyewe hawakusaidii sana kwenye hoja hii, kwa sababu muuguzi mwanamume humwita "daktari", na siku ya kushukuru shukrani huenda kwa daktari huyo ambaye hakuwa daktari.

Hoja ikishaiva, ipeleke kwa wodi moja, wala si kwa hospitali nzima. Chagua yenye vidonda vingi au inayopoteza siku nyingi. Andika miezi mitatu iliyopita: vidonda vipya vya kulalia kwa kila siku 1,000 za wagonjwa, waliohamishiwa chumba cha mahututi, waliorudi ndani ya siku 30, saa ya kuruhusiwa na saa ya kutoka, saa za lokamu, madai yaliyorudishwa kwa kukosa sahihi au saa. Omba watu wanne kwa miezi sita. Usiombe Novemba, kwa sababu likizo za Desemba zitavuruga vipimo vyako, na usikubali wapewe wodi nyingine "kwa wiki moja tu". Vidonda vitaongezeka mwezi wa kwanza; usishtuke, ni kwa sababu sasa kuna mtu wa kuviangalia na kuviandika. Mwambie mhasibu hivyo mapema, kabla hajaiona namba mwenyewe.